Mahadhi ya Chuoni Yafika Jukwaani Nairobi

Ijumaa iliyopita, natoka msikitini hapa Mombasa, hata viatu sijavivaa vyema, simu ikalia. Alikuwa mjukuu wa dada yangu, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kawangware, Nairobi. Baada ya salamu na kuulizana hali za wazazi akaniambia, "Babu, nataka shairi. Beti tano tu, mtoto wa gredi ya sita aweze kulighani. Tamasha la muziki liko karibu." Nikamwuliza alitaka lihusu nini. Akacheka. "Lolote, babu. Ila usiweke maua."

Msomaji mpenzi hatafahamu kicheko kile mpaka nimrudishe nyuma miaka mingi kidogo, siku ambazo mwalimu huyu alikuwa kigoli wa miaka kumi na mmoja akikaa na wazazi wake Kangemi, nami nilikuwa bado sijafika hamsini, ingawa cheo cha ubabu nilikuwa nimekwisha kupewa bila ya kukiomba.

Mama yake, ambaye ni mpwa wangu, alinipigia simu usiku. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. Mtoto kachaguliwa na shule yao aghani shairi la Kiswahili katika tamasha la muziki, na baba yake kasema haendi. Si haendi leo, haendi kabisa. "Mjomba, njoo uzungumze naye. Wewe mshairi, tena umesoma chuoni. Atakusikiza." Nikamwambia nitakuja. Kisha nikakaa kitandani nikimkumbuka marehemu babangu.

Mwaka 1984 nalikuwa kidato cha pili hapa Mombasa. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliniteua niende Nairobi kughani. Nilirudi nyumbani nikipepea, nikamweleza mzee. Alikuwa akila halua. Aliweka kijiko chini akaniambia, "Sikukusomesha Kurani ili ukawaimbie watu Nairobi," akaendelea kula halua yake. Basi yakawa yamekwisha. Aliyekwenda badala yangu alikuwa mwenzangu mmoja ambaye mizani alikuwa akihesabu kwa vidole na bado humpotea. Nami, Mfungo Sita ulipoingia mwaka uo huo, mzee yule yule alinivisha kanzu mpya akanisukuma mbele ya umati wa watu, nikasoma kasida kwa sauti ya juu, matari yakilia, na yeye akipangusa macho kwa ncha ya kilemba. Tofauti ya mambo haya mawili sikuweza kumwuliza, na sasa amekwisha tangulia mbele ya haki, Mola amrehemu.

Kwa hivyo nilipopanda basi la usiku kwenda Nairobi sikuwa hakimu asiye na upande.

Nifafanue kwanza tamasha hili ni kitu gani, kwani wako wazee wetu wengi wanaolisikia kwenye redio tu. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na mwanzo wake lilikuwa jambo la walowezi wa Kizungu kushindana kwa piano na nyimbo za kwao. Watoto wa Kiafrika waliingia baadaye. Leo ni la shule na vyuo vya nchi nzima: kwaya, ngoma za makabila, zumari, zeze, na pia mashairi, ya mtu mmoja peke yake na ya kundi zima linalotamka kwa pamoja. Mtoto huanzia shuleni kwao, akishinda hupanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka kwenye fainali za taifa, ambazo kwa kawaida huwa mwezi wa Agosti. Miaka hiyo ninayoisimulia, fainali zilikuwa zikifanyika katika Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, ambalo kila mtu hulijua kwa jina la KICC. Siku hizi huhamahama, na miji mingine nayo hupata zamu.

Mashairi ya Kiswahili yalipata nguvu kubwa pale mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Mtoto wa Nyeri na wa Siaya ikambidi ajue kina na mizani kama alivyojua kugawa na kujumlisha. Sisi wa pwani tulifurahi, kisha tukanuna. Tulifurahi kwa kuwa mali yetu imepata soko. Tukanuna kwa kuwa wanunuzi wameanza kutupita kwa kuijua. Huo ndio ukweli, na anayetaka kunikasirikia na anikasirikie.

Haya, nilifika Nairobi alfajiri, nikasali msikiti wa Jamia, ule uliojengwa baina ya mwaka 1925 na 1933 na ambao kuba zake bado zinapendeza kuliko majumba ya vioo yaliyouzunguka. Kisha nikapanda matatu ya Kangemi. Ukitoka katikati ya mji unapita Westlands, unashika barabara ya Waiyaki kuelekea magharibi, na ukiangalia kushoto na kulia unaona nyumba zilizofichwa na miti, nyua za kijani, mageti yenye walinzi. Halafu ghafla miti inakwisha, mabati yanaanza. Hapo ndipo Kangemi. Baina ya nyasi zinazonyweshewa kwa mpira na mama anayenunua maji kwa mtungi ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Mkwe wangu ni mtu wa Lamu, amesoma Riyadha, na siku zile alikuwa akiuza vipuri vya magari Kirinyaga Road. Mpole, hasemi sana. Alinipokea kwa heshima zote, tukala mkate wa mofa alioletewa kutoka kwao, na hakuligusa neno lile mpaka nilipoligusa mimi.

"Mjomba," akasema, "mimi sikatai mashairi. Babu yangu alikuwa na sanduku zima la mashairi. Lakini mazoezi yao ni Jumamosi asubuhi, na Jumamosi asubuhi mtoto ana madrasa. Hapa si kwetu, kwamba akitoka shule kila siku jioni yuko chuoni. Hapa ana Jumamosi na Jumapili basi. Nikitoa Jumamosi, nimebakisha nini?"

Nilitoka Mombasa nimejitayarisha kwa hoja za haramu na halali, nimebeba majina ya mashekhe na vitabu, na huyu ananiambia habari ya ratiba. Nikaona haya kidogo. Nikamwuliza kama mazoezi yangehamishwa siku nyingine, angekuwa na neno? Akanyamaza. Akasema, "Liko neno, lakini si kubwa hivyo." Neno lenyewe lilikuwa jukwaa. Binti amekaribia kubaleghe, atasimama mbele ya wanaume, apigiwe makofi.

Hapo ndipo nikamkumbusha mambo ya kwao. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija akafika Lamu karne ya kumi na tisa ikielekea mwisho, alipoanza kuwakusanya watu wa chini, watumwa wa jana na wageni wasio na nasaba kubwa, akawasomesha na akawaachia wasome maulidi kwa matari, wakubwa wengi wa mji walipinga. Walisema matari msikitini ni upuuzi. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, na leo maulidi ya Riyadha yanaleta watu kutoka pembe zote za Afrika Mashariki, na wajukuu wa waliopinga ndio wanaopanga mikeka. Mkwe wangu mwenyewe alipokuwa kijana alipiga matari pale. Nilimwuliza, "Wewe ulipokuwa kwenye safu, unayumba na wenzio, watu wamejaa mpaka nje, ulikuwa hutazamwi?"

"Ile ni sifa ya Mtume, mjomba," akajibu upesi. "Hii ni kushindana kupata kikombe."

Hoja hiyo sikuwa na jawabu lake, na mpaka leo sina lote. Nilimwambia tu kwamba mtoto hakuombwa kucheza ngoma wala kuvua mtandio. Ameombwa kusema maneno yenye vina. Akanitazama kwa muda, akauliza, "Shairi lenyewe la nani?" Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Mjomba atamtungia!" Sikuwa nimesema hivyo. Lakini uso wa mkwe wangu ulilegea, nikajua mlango umefunguka.

Asubuhi yake nilikwenda shuleni kumwona mwalimu. Mama wa Kiluhya, mchangamfu, Kiswahili chake safi kuliko cha vijana wengi wa Kisauni. Nikamweleza habari ya madrasa. Alishangaa. "Mzee, mbona hakuna aliyeniambia? Mimi nilidhani baba hataki tu." Akafungua daftari, akamwandikia mtoto Jumanne na Alhamisi saa ya chakula cha mchana. Ugomvi uliowaliza watu wiki mbili ulikwisha kwa kalamu ya mwalimu chini ya dakika tano.

Shairi nikalitunga pale pale Kangemi. Nilimfuata mtoto alfajiri kwenda kuchota maji, nikaona foleni, nikaona mitungi ya manjano imepangwa kama mashati ya askari. Ubeti wa kwanza ulitoka hivi:

Mtungi nauinua, naelekea bombani,
Hatujaliona jua, watu wajaa foleni,
Shilingi nimechukua, nimefumba kiganjani,
Ng'ambo wanywesha maua, maji yamwagika chini.

Mstari wa nne ndio kituo, unarudi mwisho wa kila ubeti. Mwalimu aliusoma, akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Mzee, huu mstari wa maua utatuletea maneno. Kwenye ukumbi watakuwako wakubwa." Akaniomba niulainishe. Nilikataa, nikakubali, nikakataa tena. Mwishowe kwa ajili ya mtoto nikaandika badala yake: *Subira tumeijua, maji yaja mitaani.* Mizani kamili, kina kamili, na uhai hamna. Ulikuwa kama samaki wa barafu.

Hofu ya mwalimu haikuwa ya bure. Kisa cha shule ya Butere kilikuwa hakijatokea bado, lakini msomaji atakumbuka jinsi mwaka 2013 wasichana wa shule hiyo walivyozuiwa kuendelea na mchezo wao wa *Shackles of Doom* katika tamasha la maigizo, mpaka Mahakama Kuu ikaamuru waachiwe wacheze kwenye fainali za taifa. Tamasha hilo la maigizo ni ndugu wa hili la muziki. Lilianza mwaka 1959, na kwa muda mrefu makao yake yalikuwa jumba la Kenya National Theatre, lililofunguliwa mwaka 1952. Miaka michache kabla ya tamasha hilo kuanza, yaani mwaka 1957, Graham Hyslop alikuwa amekwisha kuchapisha michezo ya Kiswahili *Afadhali Mchawi* na *Mgeni Karibu*. Mzungu huyo huyo ndiye aliyekuwa katika tume ya watu watano waliotayarisha wimbo wa taifa mwaka 1963, pamoja na George Senoga-Zake, Washington Omondi, Peter Kibukosya na Thomas Kalume, ambaye ni mtu wa pwani yetu. Na sauti waliyoichagua ni ya wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto. Kila tamasha linapofunguliwa na watu wakasimama wima, wanasimamia wimbo uliotoka kando ya Mto Tana. Sisi wenyewe hulisahau hilo mara nyingi.

Turudi kwa mtoto. Mahadhi nilimfundisha mimi. Sikumpa mahadhi ya kubuni. Nilimpa yale tuliyosomea kasida chuoni, yanayopanda kwenye kina cha kati na kushuka polepole kwenye kina cha mwisho, na yana pahala pa kuvuta pumzi ambapo msikilizaji hapasikii. Baba yake, akipanga viatu mlangoni, alisikia. Hakusema kitu, lakini mstari wa tatu nilipoufunza vibaya kidogo, aliurekebisha kwa kuimba chini kwa chini, kisha akatoka kwenda zake kazini kana kwamba si yeye.

Juu ya mwili tulitofautiana na mwalimu. Yeye alitaka mtoto ainue mtungi wa hewani, atembee, afumbe kiganja, aangalie angani. Mimi nikashikilia kwamba shairi letu huaghaniwa mtu ametulia. Sauti ndiyo itembeayo. Nilishikilia kwa kiburi, nakiri, kwa vile nilijiona mwenye mali. Mwalimu akaniachia.

Mashindano ya eneo lao yalifanyika katika shule moja ya Lavington. Tulipofika, mpira wa kunyunyizia maji ulikuwa ukizunguka juu ya nyasi mbele ya ukumbi, na hakuna aliyekuwa pale. Mtoto aliutazama akapita. Zamu yake ilipofika alisimama na mtandio wake mweupe, mikono imeshuka ubavuni, akaanza. Sauti haikutetemeka. Alipofika kituo cha ubeti wa kwanza nikangoja ile *subira* niliyomwandikia. Akasema:

Ng'ambo wanywesha maua, maji yamwagika chini.

Ukumbi ulinyamaza. Kisha pakatokea kicheko kimoja nyuma, kikafuatwa na vingine, kwa sababu kila mtu alikuwa amepita kando ya ule mpira. Kufika ubeti wa tatu watoto wa shule nyingine walikuwa wakiitikia kituo pamoja naye. Mwalimu alikuwa amejifunika uso kwa programu. Baadaye tulipomwuliza kwa nini, mtoto alisema alisahau ule mpya. Mpaka leo anasema alisahau.

Hakuna mkubwa aliyekasirika, au kama alikasirika hakusema. Jaji alisimama kama ilivyo ada, akatoa maoni kabla ya kutaja alama. Alisifu matamshi, alisifu mahadhi, akasema kwa muda mrefu hajasikia mahadhi kama hayo mjini. Kisha akasema, "Lakini mghani alisimama kama mlingoti. Mwili haukushiriki." Akawa wa tatu, na aliyekuwa akipanda ngazi ni wa kwanza peke yake. Mtoto alilia kwenye matatu mpaka Kangemi. Mimi nilitazama dirishani. Mlingoti ule niliusimamisha mimi.

Yangeishia hapo, lakini Agosti ilipofika mkwe wangu alinipigia simu mwenyewe. Alitaka kumpeleka mtoto KICC akaone fainali, na akaniomba niende nao. Nilikwenda. Mtu asiyepata kuliona jumba lile siku ya tamasha amekosa kitu. Mnara wake wa ghorofa 28 uliokamilika mwaka 1973 umesimama kimya, na chini yake uwanja wote unapiga kelele: watoto wa Magharibi na ngoma zao za isukuti, Wajaluo na orutu, Wadigo wetu na sengenya, kwaya mbili zimekaribiana zinapasha sauti kila moja na wimbo wake, mwalimu amepiga magoti anamfunga mtoto njuga, na mama anauza mayai ya kuchemsha kupitia ua. Hapana aliye na nafasi ya kumtazama mwenziwe kwa jicho baya. Kila mmoja anatafuta kikundi chake.

Tulisali adhuhuri Jamia, tukarudi tukaingia ukumbi wa mashairi. Wanafunzi wengi walikuwa wazuri, wachache walipiga kelele wakadhani ni hisia. Kisha akasimama mvulana kutoka upande wa Kakamega, mwembamba, sare imempwaya. Shairi lake lilihusu nyanya yake mgonjwa. Alipofungua kinywa, mkwe wangu alinishika mkono. Yalikuwa mahadhi ya chuoni. Si yanayofanana nayo. Ni yenyewe, yale ya kupanda katikati na kushuka mwisho, na pale pa kuvutia pumzi pako pale pale. Nani alimfundisha, sijui. Labda mwalimu wake alisomeshwa na mtu wa Lamu, labda aliyapata redioni. Mtoto yule wa Kikristo alikuwa amebeba sauti ya Mfungo Sita mpaka katikati ya Nairobi, hana habari.

Na mikono yake ilitulia, isipokuwa mara moja. Mwisho wa ubeti wa nne, alipotaja kitanda cha nyanya, aliteremsha mkono mmoja polepole, kama mtu anayeweka shuka. Basi. Mjukuu wangu aliugeuza uso akanitazama, hakusema neno. Nilimwelewa vyema, na nadhani mwalimu wake angefurahi sana kuniona nilivyokuwa wakati ule.

Tulipotoka nje jua lilikuwa limepunguka. Baba mtu alitununulia chai, akakoroga yake kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji, halafu akamwuliza binti yake kama mwalimu mwakani ataweza kumwekea Jumanne na Alhamisi tena. Mwaka uliofuata alirudi jukwaani akiwa na shairi jingine, akawa wa pili. Mwaka wa baadaye aliingia sekondari, akaacha kughani akaanza kuwafunza wenziwe.

Sasa ndiye anayenipigia simu. Nimeanza lile shairi la wanafunzi wake wa Kawangware, na maua sikuweka kama alivyotaka. Linahusu matatu. Beti tatu ziko tayari, ya nne imenikwama kwenye kina cha kati, na yeye anasema mazoezi yanaanza Jumanne.